Je, Mto Nile Umekauka? Nasaha Kuhusu Mbwa, Maonyesho na Safu ya Swala



Ndugu zangu katika imani, kaka zangu na dada zangu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Baada ya darsa letu la Alhamisi nilikuta mezani karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliyeiandika ameuliza hivi: nyumbani kwao wana mbwa anayelinda ng'ombe. Rafiki zake wa darasani wanataka wamchukue mbwa huyo, waende naye matembezi kando ya mto, na hata wamfikishe kwenye maonyesho ya Jinja ili watu wamwone. Je, dini inamruhusu? Na huko akikutana na mbwa wa watu wengine, nguo zake za swala azifanyeje? Jina hakuliandika, nami sikulitafuta.

Ningeweza kumjibu kwa maneno machache nikaendelea na mengine. Lakini swali hili limenigusa mahali ambapo mimi mwenyewe nina deni. Kwa hiyo naomba mnivumilie, nianze na deni langu ndipo nije kwenye hukumu.

Nilipokuwa mwaka wa pili, jumuiya yetu iliandaa safari ya kwenda Jinja, kwenye maonyesho ya kitaifa ya kilimo yanayoandaliwa na shirikisho la wakulima la Uganda. Mimi nilikuwa amiri wa safari. Tulikuwa 28, tumejaza teksi mbili. Tulitoka hapa Mbale mara baada ya Alfajiri, tukashika barabara ya Tirinyi, tukavuka Mpologoma na mashamba yake ya mpunga, tukapita Iganga, na jua lilipoanza kuwa kali tulikuwa tayari langoni. Vijana walikuwa na furaha. Kanzu zilikuwa nyeupe, hijabu zimepigwa pasi, na mimi nilijiona mtu mkubwa.

Tulitazama ng'ombe wa maziwa, matrekta, miche ya kahawa na mitambo ya kukamulia mafuta. Kisha tukaona watu wamezunguka kiwanja kidogo. Tuliposogea tukamkuta askari na mbwa wake. Mfuko ulikuwa umefichwa kati ya makasha kumi. Mbwa alinusa kasha moja baada ya jingine, akafika la saba, akaketi kimya. Hakubweka, hakukwaruza, alimtazama tu bwana wake. Watu wakapiga makofi, na sisi pia tukapiga.

Onyesho likaisha. Askari akamtoa mbwa kwa kamba fupi, akapita upande wetu. Pua ya mbwa ikagusa kanzu ya mmoja wetu. Kijana akaruka, akapiga kelele, "Najisi!" Kisha akampiga mbwa teke la mbavu. Mwingine akamtupia chupa tupu ya soda. Wengine wakacheka. Mbwa alilia, akageuka, na lau si yule askari kumshika kwa mikono yote miwili, siku ile ingekuwa na habari nyingine. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma, na si Mwislamu, akatutazama kwa utulivu akasema, "Wanangu, hivi ndivyo mnavyofundishwa huko kwenu?"

Mimi, amiri wa safari, nilinyamaza. Moyoni nilijiambia kwamba kijana alikuwa akilinda tohara yake.

Adhuhuri ilipoingia tulitandika mikeka chini ya mwembe, karibu na bomba la maji. Nilipotoa salamu ya mwisho nikamwona yule askari amesimama hatua chache kutoka kwetu, peke yake. Mbwa alikuwa amefungiwa kivulini, kwenye gari.

"Assalamu alaikum, Shehe," alisema.

"Waalaikumu salaam, afande. Kumbe wewe ni Mwislamu?"

"Wa kuzaliwa. Kwetu ni Iganga. Marehemu baba alikuwa muadhini."

"Mbona hukuja kuswali nasi?"

Akaitazama suruali yake. "Mimi na safu tumeachana. Huu ni mwaka wa tatu."

Akanieleza. Alipopangiwa kazi ya mbwa aliendelea kwenda Ijumaa kama kawaida, wakati mwingine moja kwa moja kutoka zamuni. Siku moja mtu alimvuta bega akiwa ndani ya safu, akamwambia mbele ya watu kwamba anawaharibia swala yao. Mwingine akamwambia achague, kazi au msikiti. Ana watoto wanne, na wanakula kutokana na kazi ile. Akachagua.

"Na nyumbani unaswali?" nilimuuliza.

"Siku nyingine naswali. Siku nyingine nasema, ya nini? Labda hata Mwenyezi Mungu hanitaki na nguo hizi." Kisha akasema neno ambalo sijaweza kulisahau. "Leo nilipoziona kanzu zenu nilifurahi. Nilipita upande wenu makusudi, Shehe. Nilitaka kuwatolea salamu."

Ndugu zangu, nilikosa la kumwambia. Nilisema, "Mwenyezi Mungu atafanya wepesi, afande," nikaenda kuhesabu watu waingie kwenye teksi. Ni jibu la mtu anayetaka kuondoka.

Tuliporudi Mbale nilimweleza mwalimu wangu wa fiqhi, mzee aliyetufundisha madhehebu ya Imam Shafi kwa miaka mingi. Nilimweleza habari za safari, nikamtajia na jambo la mbwa, nikitumaini atasema tumefanya vyema kujihadhari. Alikaa kimya. Kisha akaniuliza, "Jinja kuna mto gani?"

"Nile, Shehe."

"Umekauka?"

"Hapana, Shehe."

"Mto unaokwenda mpaka Misri unaanzia hapo. Na ninyi mlikosa ndoo moja ya maji ya kumrudisha mtu kwenye safu?"

Hilo ndilo deni langu, na jibu la swali la ndugu yetu limo ndani ya neno lile la mwalimu. Sasa tuiangalie hukumu, hatua kwa hatua.

Kwanza, mbwa mwenyewe ni nani katika dini yetu? Fungueni Suratul Kahf, sura ambayo wengi wetu tunaisoma kila Ijumaa. Mwenyezi Mungu anatuhadithia vijana waliokimbia na imani yao wakalala pangoni. Pamoja nao anamtaja mbwa wao, amenyoosha miguu yake ya mbele kwenye kizingiti. Watu wanapobishana kuhusu idadi ya vijana wale, mbwa anahesabiwa nao. Vijana wale walikuwa mawalii, na mbwa wao hakuwapunguzia kitu. Tazameni pia mahali pake. Alikuwa mlangoni, analinda, hakuwa juu ya matandiko yao. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu anahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa, na anasema elimu ile ya kuwafundisha imetoka Kwake. Basi yule askari aliyemfundisha mbwa kunusa makasha kumi na kuketi kimya mbele ya la saba, msingi wa ujuzi wake Qur'ani imeutaja kuwa ni neema.

Mkumbukeni Sahaba Adiy bin Hatim (r.a.). Alikuwa mwindaji. Alimwendea Mtume (s.a.w.) na maswali ya kazi yake: nikimtuma mbwa wangu, nikamkuta na mbwa mwingine, akila katika windo, nifanyeje? Bukhari na Muslim wamepokea majibu. Mtume alimfafanulia kila hali: akimtuma aliyefundishwa na akataja jina la Mwenyezi Mungu, ale, mbwa akila katika windo, aache, kwa kuwa huyo amejiwindia mwenyewe, akimkuta mbwa mwingine ambaye hakumtuma yeye, aache pia. Hakumwambia achague kati ya mbwa na msikiti. Alimpa elimu ya kufanya kazi yake akiwa Mwislamu. Mtu wa Iganga alikuwa akingoja jibu la namna hiyo, sisi tukampa teke.

Wapo wanaosema: lakini Mtume aliamuru mbwa wauawe Madina. Ndiyo, amri ilitoka, na aliyeisoma hadithi asiishie katikati. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba baadaye Mtume alikataza kuwaua, isipokuwa aina moja aliyoibagua. Na katika hadithi nyingine ameeleza sababu, kwamba mbwa nao ni umma miongoni mwa umma za viumbe. Mbwa mwenye madhara, anayerukia watu na kuuma, ana hukumu yake. Mbwa aliyegusa kanzu kwa pua hayumo humo.

Pili, kumfuga. Hapa dini haikulegea, na nisingependa mtu atoke na nasaha hii akadhani kila kitu ni ruhusa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwenye kufuga mbwa asiye wa kuwinda, wa mifugo wala wa shamba, hupungukiwa kila siku katika ujira wake qirati moja, na katika mapokezi mengine qirati mbili. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, ameona kwamba iliyo sahihi zaidi ni kuruhusu pia mbwa wa kulinda nyumba na njia, kwa kukisia na hao watatu, kwa kuwa sababu ni moja: haja. Kwa hiyo mbwa wa ng'ombe wa nyumbani kwenu, ndugu uliyeuliza, yumo katika ruhusa iliyo wazi. Mlale kwa amani. Lakini mahali pake ni nje, zizini au getini. Zipo hadithi sahihi kwamba Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa, na mwenye busara haichezei rehema.

Tatu, kumpeleka matembezini na kwenye maonyesho. Hapa pana njia tatu, na kila moja ina hukumu yake.

Njia ya kwanza ni kazi na elimu. Mkulima anampeleka mbwa wa mifugo ili wengine wajifunze namna ya kumfundisha. Askari anaonyesha mbwa anavyonusa. Daktari wa mifugo anawaita watu na mbwa wao wachanjwe. Hayo ni manufaa, na manufaa yaliyoruhusiwa nyumbani hayageuki haramu kwa kuvuka lango la uwanja. Kule Gulu, kaskazini mwa nchi yetu, Francis Okello Oloya, ambaye alipoteza macho kwa bomu akiwa mtoto wa miaka 12, ameanzisha mradi wa kuwapa mbwa waliookolewa watu walioumizwa nafsi na vita. Mtu na mbwa wake wanafundishwa pamoja, mpaka yule aliyekuwa akiogopa kutoka nje anaanza tena kutembea mbele za watu. Mwenzako akiwa na haja ya namna hiyo, usimpime kwa haraka. Kalikuta jambo ambalo wewe hukujaliwa kulikuta.

Njia ya pili ni fahari. Mtu ananunua mbwa kwa sababu ni wa bei, anamtembeza ili aonekane naye, anampiga picha, anamshindanisha kwa uzuri wa manyoya. Hapa ndugu yangu simama. Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, na hadithi hiyo imo katika Bukhari. Madhehebu ya Shafi yamechukua katazo hilo kwa mbwa wote, ingawa wanachuoni wa Hanafi wameruhusu kuuza mbwa mwenye manufaa. Mbwa wa fahari hana hata manufaa ya kumtetea. Rafiki zako wanaposema watu wamwone, waulize: wamwone nini? Kama jibu ni jinsi anavyorudisha ng'ombe zizini, nendeni. Kama jibu ni kwamba watuone sisi, basi mbwa hana kosa, tatizo liko ndani ya kifua. Na kuhusu matembezi kando ya mto, mbwa wa kazi anahitaji kutembea kama sisi. Kumnyoosha miguu ni katika haki zake. Kumfanya pambo ndiko kunakoleta hasara.

Njia ya tatu ni kuwapiganisha mbwa watu watazame na kuweka pesa. Hii haina mjadala. Kuna ukatili na kuna kamari, na yote mawili tumekatazwa. Ukisikia mchezo huo unafanyika mahali, usiende hata kutazama.

Ukishakuwa na ruhusa ya kwenda naye, kuna adabu. Mfunge kamba, fupi ya kumzuia. Usimpitishe kati ya watu waliokaa kula au kuswali, wala karibu na mtoto anayeogopa. Kinyesi chake kiondoe wewe. Na kabla ya yote mchanje, kwa kuwa kichaa cha mbwa kinaua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile akaanze chanjo. Asikae nyumbani kungoja mizizi ya jirani. Kulinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya Sharia, na mwenye kumpeleka mbwa asiyechanjwa kwenye umati wa watoto ameichezea amana.

Nne, mbwa wa watu wengine na nguo zako za swala. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa hiyo nisikilizeni.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, mbwa ni najisi nzito, mwili na mate. Wahanafi wameona najisi ni mate yake, mwili haumo. Wamaliki wameona mbwa aliye hai ni tohara, na kuosha chombo alicholamba ni ibada tuliyoamrishwa. Wote hawa ni maimamu, na wote wameswali. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba zama za Mtume mbwa walikuwa wakiingia na kutoka msikitini, na watu hawakuwa wakinyunyizia maji kwa sababu hiyo. Wapo wanachuoni waliosema hiyo ilikuwa kabla ya kuamriwa kuilinda misikiti. Naitaja ili tujue kwamba hata waliotangulia hawakuruka na kupiga mayowe.

Mimi nawaambia mfuate madhehebu yenu. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hakuna kinachohama, huna la kuosha. Mate yake, au pua yake yenye unyevu, ikigusa nguo au mkono, osha mahali hapo mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Basi. Kazi imekwisha. Huhitaji kuoga, udhu wako haujavunjika, na siku yako haijaharibika. Najisi si dhambi. Najisi ni kitu kinachooshwa. Mola aliyetuambia kwamba hiki ni najisi ndiye aliyetuwekea maji na udongo, na hakuna hata hadithi moja iliyosema mara ya nane ni teke.

Na kama mnataka hadithi ya mbwa na mguu wa Mwislamu, ipo. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyekuwa safarini, akashikwa na kiu, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamwona mbwa analamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji khufu yake, kiatu chake cha ngozi, akaishika kwa meno akapanda nayo, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na akamsamehe. Sahaba wakashangaa, wakauliza kama hata kwa wanyama tuna ujira. Mtume akawajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna ujira. Tazameni, ndugu zangu. Mtu yule alitumia kiatu chake kumnywesha mbwa akasamehewa. Sisi tulitumia kiatu chetu kumpiga mbwa, na pamoja na mbwa tukampiga mtu.

Hilo ndilo ninalotaka mlichukue. Mbwa yule alipona baada ya dakika mbili, alipanda gari lake akalala. Aliyeumia ni mtoto wa muadhini. Tuliishika hukumu ya najisi tukaacha maji yake, na hukumu bila maji yake imekuwa fimbo ya kumfukuzia mtu msikitini. Nani kati yetu yuko tayari kusimama mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama akaulizwa kuhusu Ijumaa mia moja na hamsini za mtu mwingine?

Mwisho wa habari ni huu. Yule kijana aliyepiga teke nilimweleza niliyoyasikia chini ya mwembe. Hakusema neno. Usiku nikamkuta bombani, nyuma ya bweni, na beseni na kanzu yake, anahesabu: moja, mbili, tatu. Alikuwa amechota udongo wa hapa chuoni, na pindo la kanzu likabaki na wekundu kidogo ambao haujatoka mpaka leo. Asubuhi akaniletea imekunjwa ndani ya mfuko. Akasema, "Mpelekee afande. Na uniombee msamaha."

Mimi ni mzaliwa wa Jinja, nimekulia Walukuba, kwa hiyo likizo ilipofika sikuwa na kisingizio. Nilimtafuta kazini kwake. Nilimpa salamu ya mwalimu: aweke kanzu safi ndani ya mfuko, mbali na mbwa, akitoka zamuni abadilishe, aoshe mikono kama tulivyofundishwa, aende zake msikitini, na mtu akimshika bega amwambie ana fatwa ya Mbale. Alicheka kidogo. Kisha nikampa kanzu. Akaliona pindo lile jekundu akaniuliza, nikamweleza. Aliishika muda mrefu bila kuikunjua.

Ijumaa ile tulikwenda pamoja, katika msikiti mwingine. Nilisimama kuliani kwake. Imamu alipotuambia tusawazishe safu, niliona miguu yake inasita, kama mtu anayeogopa kumgusa jirani. Nikasogea mimi, mguu wangu ukagusana na wake. Hilo ndilo nililoweza kufanya, na nililifanya limechelewa. Mama wa mahindi bado sijamwona tena nimjibu swali lake.

Ndugu uliyeandika karatasi, jibu lako ni hili. Mpeleke mbwa wako ikiwa unampeleka kwa kazi yake, amechanjwa na amefungwa kamba. Mwache nyumbani ikiwa mnampeleka kwa fahari. Chukua kanzu ya pili kwenye mfuko, na chupa ya maji. Ukikutana na mbwa wa mtu, mpishe kwa utulivu, na mwenye mbwa mtolee salamu kwanza, kwa kuwa hujui anaitwa nani wala baba yake alikuwa nani.

Na sisi sote, safari yetu ijayo ya Jinja tukiijaaliwa, nitakuwa wa kwanza kushuka kwenye teksi, na jambo la kwanza nitakalolitafuta ni bomba la maji.

Ewe Mola wetu, tujaalie kushika hukumu Zako pamoja na rehema Zako. Usitufanye sababu ya mja Wako yeyote kuiacha nyumba Yako. Waliotoka katika safu kwa ajili yetu, warudishe, na utusamehe sisi tuliowatoa. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.